Krashi: neno lililoanzia kwenye kusaga meno

Barua zilizofika kwenye safu ya Uliza Neno mwezi huu zinazunguka neno moja la Kiingereza, "crush", ambalo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanalo mdomoni kutwa nzima, na wengi wameshaanza kuliandika Kiswahili: krashi. Barua tumeziacha kama zilivyokuja, tukapunguza salamu tu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi nilimsikia akimwambia mwenzake kwenye simu, "Krashi wangu kanijibu!" Nilipomuuliza kama ameshapata mchumba, alicheka mpaka akakaa chini. Huyo krashi ni mchumba, hawara, au nani? — Mzazi, Morogoro

Si mchumba wala si hawara, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Krashi ni mtu ambaye moyo umemwendea kimyakimya: unamtazama kwa mbali, unajua siku anazovaa shati la bluu, akipita unasahau ulichokuwa unasema, na bado halijapita neno lolote kati yenu kuhusu jambo hilo. Mchumba ana posa na washenga. Hawara, pamoja na siri zake zote, yumo ndani ya uhusiano. Krashi hana ahadi, hana deni, hana hata taarifa. Ndiyo maana binti alicheka. Swali lako lilimpandisha cheo kijana ambaye pengine alichojibu ni "poa" tu, tena baada ya siku mbili.

Neno hili lina wepesi ndani yake. Mwingereza akisema ana "crush" anakudokezea papo hapo kwamba huenda likapita, kama mafua. Akitaka kusema zito atasema yuko "in love". Pia halihitaji kufahamiana. Mtoto anaweza kumwita krashi mcheza mpira wa Ulaya au mwigizaji ambaye hatakutana naye maishani, na hajakosea lugha. Kwa hiyo kabla ya kuitisha kikao cha ukoo, muulize kwanza: "Na yeye anakujua?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko neno lenyewe.

Kamusi zinatafsiri "crush" kuwa kuponda, kuseta, kubana. Wanafunzi wangu wananiuliza imekuwaje kuponda kukawa kupenda, nami naishia kuwaambia ni lugha ya mitaani. Kuna historia yoyote hapo? — Mwalimu wa Kiingereza, Tanga

Ipo, na lugha ya mitaani imo ndani yake kweli, ila mitaa yenyewe ni ya zamani na ya mbali.

Kitenzi kiliingia katika Kiingereza karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, ambako "croissir" au "cruissir" ilikuwa kusaga meno, kugonga, kuvunjika kwa kishindo. Inaelekea Kifaransa nacho kilikiokota kwa watu wa lugha za Kijerumani. Kigothi, ndugu wa lugha hizo, kilikuwa na "kriustan" yenye maana hiyohiyo ya kusaga meno. Litamke neno polepole: linaanza kwa kr, linaishia kwa sh. Limejengwa juu ya mlio, kama pu! yetu ya kitu kizito kilichoanguka.

Karne ya 19 likapata tawi la msongamano. Karamu ya wakubwa wa London iliyojaa watu mpaka pa kukanyaga hapana iliitwa "crush". Chumba cha kupumzikia katika jumba la opera kiliitwa "crush-room", na ile kofia ndefu ya mabwana, iliyokuwa ikibonyezwa ikawa bapa kama sahani ili isimkere mtu kitini, ikaitwa "crush hat". Wapo wanaoona mapenzi yalizaliwa humo, vijana wakibanana kwenye dansi. Ni dhana tamu, lakini ushahidi wa kwanza wa krashi ya moyoni unatoka Marekani, mbali na kumbi hizo, na umezungukwa na maneno mengine mawili ambayo hayana habari yoyote na msongamano: "mash" na "smash".

Tuanze na "mash". Katika kamusi ya lugha ya mitaani iliyotoka mwaka 1889, Charles Godfrey Leland anaeleza kwamba kwenye mwaka 1860 hivi neno hilo lilijulikana na watu wa maigizo tu huko Marekani. Mwigizaji wa kike akiwa jukwaani akimtupia jicho au tabasamu rafiki aliyekaa kwa watazamaji, alihesabiwa ame-"mash", na kosa hilo lilikuwa na faini iliyokatwa kwenye mshahara wake. Leland, aliyeisoma sana lugha ya Kiromani, ile ya watu ambao Wazungu waliwaita "Gypsy", alishikilia kwamba asili yake ni neno la Kiromani la kuvuta mtu kwa hila, kumrubuni. Sasa angalia ajali iliyotokea. Kiingereza tayari kilikuwa na "mash" yake, ya kuponda viazi. Neno la jukwaani lilipotoka nje na kuenea mjini, aliyelisikia hakujua Kiromani, alisikia viazi. Mtu aliyependa akaonekana ni kitu kilichopondwa. Mlango ukishafunguka hivyo, kila kitenzi cha kuvunja na kuseta kinaweza kupita.

Na vilipita. Mwaka 1873 gazeti la wanafunzi wa Yale lilichapa barua kuhusu chuo cha wasichana cha Vassar, jimbo la New York. Inaeleza kwamba msichana akivutiwa na mwenzake huanza kazi ya kupeleka: mashada ya maua, vijibarua kwenye karatasi za rangi, vifurushi vya peremende, pengine hata kishungi cha nywele zake, mpaka yule mwingine anakubali na wawili hao hawaachani tena. Aliyeanza kupeleka husemwa na wenzake kuwa yuko "smashed", amevunjwavunjwa. Uzuri wa barua hiyo ni kwamba inatuonyesha mwelekeo wa pigo: anayepondwa ni anayependa, na anayependwa hana alichofanya zaidi ya kuwepo.

Miaka 11 baadaye ndipo "crush" yenyewe inatokea. Msichana aitwaye Isabella Maud Rittenhouse, wa mji wa Cairo, Illinois, pale mto Ohio unapomwagika katika Mississippi, alikuwa akiandika shajara. Mwaka 1884 akaandika kwamba Wintie analia kwa sababu "crush" wake ameondoka. Ni sentensi moja, haina maelezo, maana yake kwa Maud na wenzake neno lilikuwa la kawaida tayari. Shajara ilichapishwa kitabu mwaka 1939, na ndiyo inayotajwa kila mara kuwa maandishi ya kwanza. Waambie wanafunzi wako pia kwamba pale mwanzoni kabisa "crush" ni mtu, si hisia. Ule muundo wa "have a crush on" umekuja kushika baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa mzani wetu basi, krashi ni mtoto wa "mash" na mdogo wake "smash". Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mapenzi yanaumiza kama kupondwa. Watu walikuwa wakichezea neno, mchezo ukakaa.

Katika Romeo and Juliet mtumishi anamwambia Romeo "come and crush a cup of wine". Mwenzangu anadai hapo ndipo krashi ya mapenzi ilipoanzia, kwa kuwa Romeo anakwenda kumkuta Juliet. Nani mkweli? — Mwanafunzi wa kidato cha sita, Arusha

Mwenzako hana haki, lakini tunaelewa alivyoteleza. Ni tendo la 1, onyesho la 2. Mtumishi wa Capulet, baba yake Juliet, amepewa orodha ya wageni na hajui kusoma, kwa hiyo anamwomba Romeo amsomee majina. Kama shukrani anamwambia, mradi si wa ukoo wa Montague (mahasimu wa bwana wake, na ndio ukoo wa Romeo mwenyewe), aje wanywe. "Crush a cup" wakati huo ilikuwa kukimaliza kikombe mpaka tone la mwisho. Kiswahili kinao mchezo huohuo: tunasema kuponda raha, kuponda mali, na hakuna kinu wala mchi hapo.

Shakespeare aliandika tamthilia hiyo kwenye mwaka 1595 hivi. Krashi ya Maud ni ya 1884. Ukiandika kwenye mtihani kwamba neno la mapenzi limetoka kwa mtumishi huyo, umelizeesha kwa karibu miaka 300.

Hata hivyo kuna kichekesho ambacho kinafaa kutajwa kwenye insha. Wakati anakaribishwa divai, Romeo hamjui Juliet. Anamlilia Rosaline, msichana ambaye katika tamthilia nzima hatokei jukwaani wala hasemi neno. Anapendwa kwa mbali, hataki, na amesahaulika kabla usiku haujaisha. Hiyo ndiyo krashi kwa kila kipimo cha leo, ila Shakespeare hakuwa na neno lake.

Nilimwandikia dada mmoja kwa Kiingereza, "I crush you so much." Alinijibu kwa alama ya kuuliza tu. Nimekosea wapi? — Kijana, Mwanza

Umemwandikia "nakuponda sana". Alama ya kuuliza ilikuwa huruma.

Sentensi sahihi ni "I have a crush on you", na ina vipande vitatu ambavyo kikikosekana kimoja mambo yanaharibika: "have", kisha "a crush", kisha "on". Sisi tunaosema nina hisia kwake au nina mapenzi naye huvutwa kuandika "to you" au "with you". Hapana, ni "on" peke yake. Ukitaka kulifanya kitenzi, vijana wa Marekani husema "I'm crushing on you", na hapo pia "on" haiondoki. Ukiiondoa tu umerudi kwenye kinu. Ukubwa wa jambo hauonyeshwi kwa "so much" bali kwa kivumishi mbele ya nomino: "a huge crush" likiwa kubwa, "a bit of a crush" ukitaka kujifanya si neno.

Halafu kuna wakati. "I had a crush on you", kwa "had", maana yake nilikuwa nayo, ikaisha. Watu huungama hivyo kwa mtu waliyesoma naye miaka ya nyuma, wote wakacheka. Ukimtumia leo mtu unayemtaka leo, umemfungia mlango mwenyewe kisha unashangaa hapiti.

Jihadhari pia na ndugu wa neno hili wanaofanana sura. "I'm crushed" ni nimevunjika moyo. "I crushed it" ni nimeifanya kazi vizuri mno. "She crushed him" ni alimshinda vibaya, au alimvunja moyo vibaya. Hakuna mapenzi hapo.

Na matamshi. Kwa wengi wetu "crush" na "crash" zote hutoka krashi, na mtu akisema "my crush" huku anatamka ya pili, Mwingereza anaweza kufikiria gari limegonga. Kwa krashi ya moyoni tumia a fupi ya Kiswahili, kama ya mwanzo wa "kata", mdomo ukiwa nusu wazi. Kwa ile ya ajali anza kama unataka kusema e ya "tena", kisha shusha taya zaidi.

Kama dada huyo anajua Kiswahili, na wewe unakijua, sijui Kiingereza kilialikwa na nani.

Tubishane hapa kijiweni: ni "krashi wangu" au "krashi yangu"? Na wakiwa wengi? — Wadau, Nairobi

Zote mbili zina kazi, na tofauti yake ni tamu.

Mtu, hata nomino yake ikiwa ya mkopo isiyo na m- mbele, huchukua vitenzi vya watu: krashi amefika, krashi hajaja. Mzozo uko kwenye kimilikishi. Maneno ya udugu na ukaribu huenda na yangu: dada yangu, jirani yangu, rafiki yangu. Maneno ya kazi na vyeo huenda na wangu: daktari wangu, kocha wangu, bosi wangu. Ungetegemea krashi, kwa ukaribu wake na moyo, aende na rafiki. Vijana wamempeleka kwa kocha na bosi, na tunadhani masikio yao yamesikia mpenzi wangu na mchumba wangu kabla ya kusikia kanuni. Wako sawa. Andika krashi wangu.

Hiyo inaiacha krashi yangu huru kwa hisia yenyewe. Linganisha: "Krashi wangu amepoa", yaani mtu mwenyewe hachangamki tena kwenye meseji; na "Krashi yangu imepoa", yaani mimi ndiye nimetulia. Kiingereza hakina njia fupi hivyo ya kuyatenganisha hayo mawili. Wengi wao ni makrashi, kwa ma- ileile ya mabosi na madereva: makrashi wangu wote wameoa. Kitenzi "nimemkrashi" tunakisikia pia. Hatukikatazi, ila hakitupendezi, kwa sababu kompyuta nazo hukrashi, na sentensi ikikatika katikati hujui kama ni moyo au ni mashine.

Kiswahili kimejaa mahaba, huba, ashiki, nyonda, shauku. Washairi wetu wametunga kwa maneno haya vizazi na vizazi. Hiki kirashirashi cha nini? Ni uvivu mtupu. — Mzee, Mombasa

Mzee wetu, shikamoo. Kwenye utajiri wa lugha una haki kabisa. Kwenye uvivu tunaomba kutofautiana nawe kidogo.

Chukua ashiki. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye "ishq", na wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walilihusisha neno hilo na mmea uitwao "ashaqa", mmea wa kijani unaonyauka na kugeuka manjano. Mwenye ashiki akaitwa hivyo kwa kuwa naye hukauka. Weka hilo kando ya Kiingereza ambako mpenzi amepondwa kama kiazi, uone umbali. Mahaba na huba ni za mzizi mmoja wa Kiarabu na zina upole zaidi. Shauku ni ya kumngoja aliye mbali. Na nje ya mashairi, lugha ya kila siku haijalala hata kidogo: namzimia, nimedata naye, nammezea mate. Kijana wa Dar es Salaam akisema "huyu dada nimemwelewa" hajazungumzia somo lolote. Akisema jamaa "kafa kaoza" kwa binti fulani, hiyo imemshinda hata "smashed" ya Vassar.

Lakini hesabu maneno hayo vizuri. Mengine ni hisia: ashiki, huba, shauku. Mengine ni vitenzi: kuzimia, kudata, kuelewa. Ya watu ni mpenzi, mchumba, muhibu, laazizi, nyonda, na karibu yote hayo husemwa kwa mtu ambaye jambo limeshafika masikioni mwake, au angalau mtunzi anamwimbia yeye ajue. Anayependwa na hajui alikuwa hana jina la neno moja. Ilibidi kusema "yule ninayempenda na sijamwambia", au "ninayemzimia kimoyomoyo", sentensi nzima kwa mtu ambaye hata salamu hamjapeana. Krashi imejaza kiti kilichokuwa wazi. Ashiki bado yuko kwenye kiti chake.

Mahali ambapo uvivu upo kweli ni kwenye tafsiri za filamu. Mhusika akisema "he's my crush", maandishi chini ya picha husoma "ni mpenzi wangu", na kuanzia hapo mtazamaji hamwelewi msichana: mbona anamkimbia mpenzi wake ukumbini? Mbona mpenzi hamjui jina? Mfasiri asiyetaka mkopo aandike "ndiye ninayemzimia", na ikibidi nafasi iwe finyu, "namzimia". Herufi ni chache kuliko za "ni mpenzi wangu", na hadithi inabaki nzima.

Naomba mnitofautishie "crush", "infatuation", "lust" na "limerence". Nikifungua kamusi zote naona mapenzi, tamaa, mapenzi, tamaa. — Mfasiri, Kampala

"Infatuation" ina mzizi wa Kilatini "fatuus", mpumbavu. Ni hali ya kupumbazwa: macho yapo, hayaoni. Wahenga walishaifasiri kwa sentensi nzima: ukipenda, chongo utaita kengeza. Tofauti yake na "crush" ni kwamba mwenye "crush" mara nyingi hujicheka, mwenye "infatuation" hachekeki, na neno hilo kwa kawaida hutumiwa na watazamaji kumhukumu mtu, si na mtu kujieleza. Upofu wa mapenzi inatosha.

"Lust" ina kisa cha kushuka cheo. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa raha au hamu ya kitu chochote, na Kijerumani hadi leo kinatumia "Lust" kwa hamu ya kwenda kutembea au kula. Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado inayo maana hiyo: Kumbukumbu la Torati 12:15 linaruhusu watu kuchinja na kula nyama kadiri nafsi zao zi-"lust", yaani uchu wa nyama, jambo la halali kabisa. Lakini Biblia hiyohiyo, kwenye 1 Yohana 2:16, ina "lust of the flesh", ambayo kwetu ni "tamaa ya mwili", na mahubiri ya aina hiyo, yakirudiwa karne kwa karne, yamelibana neno mpaka likabaki na tamaa ya kimwili peke yake. Leo litafsiri tamaa ya mwili, au matamanio ukitaka upole. Usilitafsiri ashiki: ashiki ina mwili na roho pamoja, na msomaji wa pwani atakuona umeitukana.

"Limerence" ni neno jipya na halina ukoo. Dorothy Tennov, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bridgeport, Connecticut, alilibuni miaka ya 1970 na kulieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1979. Mwenyewe alisema wazi kwamba halina mzizi popote; alilipenda linavyoonekana tu. Alikuwa amekusanya maelezo ya watu zaidi ya 500, akaona kundi la dalili zisizofaa kuitwa upendo wala tamaa: mawazo ya mtu mmoja yanayoingia bila hodi mchana na usiku, kupima kila neno lake kama lina ishara, mwili kutetemeka akikaribia, na kiu ya kurudishiwa hisia hizohizo kuliko hata kiu ya mwili. Chakula cha hali hiyo, kwa maelezo yake, ni matumaini yaliyochanganyika na shaka. Jibu la uhakika, la ndiyo au hapana, huidhoofisha. "Tutaona" ndiyo inayoinenepesha. Alikadiria kwamba kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3, na kwamba huisha kwa njia tatu: hisia zikirudishwa na kutulia, zikikosa matumaini kabisa zikafa njaa, au zikihamia kwa mtu mwingine.

Ukitafsiri makala ya saikolojia, andika limerensi na uieleze mara ya kwanza. Ukitafsiri riwaya, maradhi ya mapenzi yatakufikisha. Krashi usiitumie hapo. Krashi haikoseshi mtu usingizi miaka mitatu.

Jumatatu mke wangu aliweka picha yangu mtandaoni na herufi MCM. Shemeji yangu ananiambia maana yake ni krashi wa Jumatatu. Sisi tumeoana miaka tisa, nimekuwaje tena krashi? — Msomaji, Dodoma

Hongera. MCM ni kifupi cha "Man Crush Monday", na mwenzake wa Jumatano ni WCW, "Woman Crush Wednesday". Mwanzoni watu waliweka picha za wasanii na wachezaji, wale wasiowajua. Baadaye wenye ndoa wakaziteka siku hizo kwa utani wa mapenzi: bado nakutazama kama wakati ule hujanijua. Hapa tu ndipo neno linaruhusiwa kumwangukia mtu aliyeko ndani ya nyumba. Jumatano inakuja, na simu yako bila shaka ina kamera.

Huku kwetu mashine ya kusaga mawe ya dhahabu tunaiita karasha. Ina undugu na hiyo krashi ya watoto wa mjini? — Mchimbaji mdogo, Geita

Ni damu moja. Karasha ni "crusher", chombo cha kuponda, na "crusher" ni mwana wa "crush" ileile ya kusaga meno. Tena karasha ndiyo iliyobaki karibu na asili, maana bado inavunja kwa kishindo. Wafugaji nao wanaye ndugu wa tatu: ule ujia mwembamba wa mbao au mabomba ambamo ng'ombe hubanwa shingo ili achanjwe, Kiingereza huuita "crush", na wapo maofisa mifugo wanaouita krashi wakiwa kazini. Kwa hiyo mtu wa Geita akiambiwa na binti wa mjini "wewe ni krashi wangu", aulize kwanza kama kuna mawe, ng'ombe au moyo.